Insha Yenye Sauti: Kazi ya Mwanafunzi wa Kiswahili Mpakani

Mhadhiri akitoa swali la insha kuhusu nafasi ya Kiswahili katika biashara ya mpakani, akili mnemba hulijibu kabla chai haijapoa: utangulizi upo, hoja zipo, upatanisho wa kisarufi hauna dosari. Malaba haimo. Kasoro hiyo ni ya swali lenyewe, wala si ya mwanafunzi peke yake.

Wapo wahadhiri wanaoiona insha iambatanayo na sauti, picha au video kuwa hila ya kuikwepa kalamu. Hofu yao ina msingi, kwani mapambo mengi huficha fikra chache. Hata hivyo, Mswahili hakuingoja kompyuta ndipo aoanishe neno na picha. Kanga ina pindo, mji na jina. Alisomaye jina pasi na kuutazama mji, wala kujua nani kamvalia nani, amesoma nusu.

Kocholia na miji jirani ya Malaba na Busia ni hazina ya lugha. Neno bodaboda, yasemekana, lilizaliwa katika mpaka huu, miongoni mwa waendesha baiskeli waliovusha abiria baina ya vituo vya forodha. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Alupe, kilichopata hadhi kamili mwaka 2022, hana safari ndefu. Na arekodi, kwa idhini (mchuuzi akielekezewa simu ghafla hudhani ni mtu wa ushuru), mapatano ya bei baina ya Mteso, Msamia na mgeni wa kutoka Tororo. Kisha ayaandike.

Hapo ndipo penye kazi. Msemaji wa Kiteso, lugha isiyo ya Kibantu, akisema "mahindi yangu imekwisha", je, kauli hiyo iachwe au isanifishwe? Kimya cha mnunuzi kiandikwe vipi? Cheko je? Kila uamuzi autolee sababu kwa aya zake mwenyewe, na alama zitolewe kwa sababu hizo. Umaridadi wa video ukitangulizwa, mwenye simu ghali atamshinda mwenye sikio. Asiye na bando naye asiachwe nyuma: daftari, mchoro wa soko na dakika tano za sauti katika simu ya kuazima zatosha.

Julai 2022, Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi. Idara ikizihifadhi sauti hizi pamoja na maandishi yake, kwa tarehe na mahali, darasa la mwaka ujao litakuwa na cha kulinganisha.