Tochi ya lumeni 100,000 haipo, na mimi ndio niliwauzia

Wasee, kabla mniulize ile video ya tochi imeenda wapi: nimeitoa mimi mwenyewe. Hakuna mtu ameniripoti, hakuna wakili amenipigia. Nimeitoa juu nilichosema mle ndani ni uongo, na siku nilipokisema sikuwa nimepima chochote. Nilisoma boksi. Hiyo ndiyo kazi nililipwa 4,000 kufanya, kusoma boksi kwa sauti ya furaha.

Kwa wale hawakuiona: ni ile tochi nyeusi ya chuma, ya kuchaji, mdomo uko na meno kama msumeno, unavuta kichwa mwanga unakusanyika, unarudisha unatawanyika. Boksi linasema ni ya makomando. Linasema lumeni 100,000. Betri 9,900 mAh. Inamulika kilomita mbili, haiingii maji, na ukibonyeza mara ya nne inapepesa mwanga wa kumvuruga adui. Bei 1,499, unaletewa mpaka mlangoni. Nilipanda juu ya paa la ploti yetu hapa Pipeline usiku, nikamulika ploti ya ng'ambo, nikapiga kelele, "Mazee, hii ni jua!" Sasa kwa anayejua Pipeline, ploti ya ng'ambo unaweza kuwapitishia chumvi kwa dirisha. Hiyo ndiyo kilomita mbili niliyowapimia.

Watu 41 walinunua wakitumia namba yangu ya punguzo, na kwa kila mmoja nililipwa soo. Jumla 8,100.

Tochi niliyopewa bure nikampa mathe. Mathe anauza mboga. Saa kumi kasoro usiku huwa ashatoka, anateremka kutoka gorofa ya tano hadi chini, ngazi zetu hazijawahi kuona taa tangu tuhamie, halafu anatembea mpaka steji apate gari la kwenda Marikiti kabla sukuma nzuri haijaisha. Siku ya tatu na hiyo tochi, stima ilikuwa imepotea mtaa mzima. Tochi ilikuwa imechajiwa usiku wa kuamkia jana yake mpaka ile taa ndogo ikawa kijani, na haikuwa imetumika tena. Ngazi alishuka salama. Alikuwa ametembea kama robo saa hivi, karibu na barabara, tochi ikazima. Haikufifia, haikuonya. Iliwaka, halafu ikawa haiwaki. Macho yalikuwa yamezoea ule mweupe mkali, kwa hivyo giza lilipokuja lilikuwa giza mara mbili. Hatua ya kwanza sawa, ya pili sawa, ya tatu ikaingia kwa mtaro ambao mfuniko wake uliibwa kitambo. Mkono wa kulia ukavunjika pale kwa kifundo. Plasta, wiki sita. Na hapa mtaani hakuna mteja ananunua sukuma nzima nzima, anataka ya kukatiwa. Mkono mmoja haukati sukuma.

Nilimpigia aliyenilipa. Sikumtukana, nilimuuliza tu hizo lumeni 100,000 alizitoa wapi. Akacheka kidogo. "Buda, kila mtu anaandika hivyo kwa boksi."

Hiyo sentensi ndiyo imenifanya nikae chini niandike. Hakusema tochi ilikuwa mbovu, au kwamba ile moja ilitoka na kasoro. Alisema uongo ni kawaida ya biashara na mimi ndiye nilikuwa wa mwisho kujua.

Sasa tufanye hesabu. Najua kuna wenye wataandika pale chini, ati aliyeacha chuo mwaka wa pili anatufunza fizikia. Sawa, lakini hii ni fizikia ya sekondari, na karo ya sekondari yangu ililipwa yote.

Betri nyingi za tochi hizi ni zile nene kuliko kidole, zinaitwa 18650. Hiyo namba ni kipimo chake tu: unene milimita 18, urefu milimita 65. Betri ya saizi hiyo, iliyotengenezwa na kampuni inayojiheshimu, inabeba kama 3,500 mAh. Wachache sana wamesukuma wakapita hapo kidogo. Hakuna mtu duniani ametengeneza ya 9,900. Ukiona 18650 imeandikwa 9,900, au 6,000, au 12,000, huhitaji kuipima. Imeshajisema.

Chukua 3,500 hizo za kweli, zidisha kwa volti 3.6, unapata kama wati 12.6 kwa saa moja. LED nzuri kwenye tochi inatoa takriban lumeni 100 kwa kila wati. Kwa hivyo lumeni 100,000 zinataka wati 1,000. Hiyo ni pasi ya nguo, mazee. Unashika pasi ya nguo mkononi inayoendeshwa na betri ya saizi ya kidole, na hata kama hiyo betri ingeweza kutoa moto kiasi hicho, na haiwezi, ingeisha kwa sekunde 45. Ile balbu ya zamani ya wati 60, ile iliyokuwa inachoma kidole ukiigusa, ilikuwa inatoa kama lumeni 800. Boksi letu linadai balbu 125 za aina hiyo ndani ya kitu kinachoingia mfukoni. Na mimi nilisimama mbele ya kamera nikasema ndio.

Nilipeleka ile betri kwa fundi wa simu hapa chini, yuko na mashine ya kuchaji inayosoma betri imebeba ngapi. Ilisoma 800 na kitu. Tukaiweka kwa mizani ya duka la jirani, yule anauza vitunguu saumu kwa gramu. Gramu 28. Betri ya kweli ya saizi hiyo inakaribia gramu 45 hadi 50. Fundi aliniambia ameshaona zingine ndani kuna betri ndogo na unga umejazwa pembeni. Yetu hatukuifungua, na wewe usifungue yako, hizi ni za lithiamu, ukizitoboa zinashika moto.

Kwa hivyo robo saa ya mathe haikuwa bahati mbaya. Ilikuwa hesabu. Betri ya 800 ikisukumwa kwa nguvu zote, hapo ndipo inafika. Mtu aliyeitengeneza alijua, na aliyeandika 9,900 alijua zaidi.

Ukweli ni kwamba tochi inaweza kupimwa na watu wakakubaliana. Tangu 2009 kuna kipimo cha Marekani kinaitwa FL 1, na kampuni zenye heshima zinakifuata hata kama ni za Uchina. Lumeni zinapimwa baada ya tochi kuwaka sekunde 30, si ile sekunde ya kwanza ya mbwembwe. Umbali unahesabiwa mpaka pale mwanga unabaki kama wa mwezi mpevu. Muda wa kuwaka unahesabiwa mpaka mwanga ubaki asilimia 10 ya ule wa mwanzo, kwa hivyo hata boksi la ukweli likisema masaa sita, usidhani ni masaa sita ya mwanga uleule. Lakini angalau ni namba ambayo mtu aliitafuta. Boksi letu halikuwa na alama ya FL 1 popote. Nilikuwa nalo mkononi siku nzima na sikujua ningepaswa kuitafuta.

Halafu hii mambo ya makomando. Tochi za aina hii zilianzia kwa polisi na wanajeshi, na kila kitu chake kilikuwa na sababu. Swichi iko nyuma ili dole gumba liifikie bila kutafuta. Mwanga ni mkali ili aliyemulikwa asione. Huko ni sawa. Sisi tumechukua umbo tukaacha kazi. Yale meno kwa mdomo, ati ya kujikinga. Wewe ni kijana, uko Eastlands, saa tano usiku, askari wanakupekua wanakutoa mfukoni chuma cheusi chenye meno. Eleza vizuri kwamba ni tochi. Na ule mwanga wa kupepesa, hebu mmulike mtu nao machoni hapa mtaani usiku uone kama atavurugika au atakuja mbio akuulize wewe ni nani. Mbaya zaidi, ili ufike mwanga mdogo lazima upitie mkali, na ili uzime lazima upitie kupepesa. Mathe alikuwa anatembea na ule mkali sababu kila akijaribu kuupunguza ilianza kupepesa kama disko na majirani wakafungua madirisha. Yaani hiyo sifa niliyoisifu kwa sekunde 20 nzima ndiyo ilimaliza betri.

Kuna wenye watasema simu iko na tochi, hizi zote za nini. Mimi pia nilikuwa wa hiyo timu. Lakini tochi ya simu ni lumeni 50 hivi, inatosha kutafuta funguo, haikuonyeshi mtaro ulio mbele. Na kutoa simu ya 20,000 saa kumi usiku, ukainyoosha mbele yako ikiwaka, ni kumwita mwizi kwa jina. Kuna sababu tuliita zile simu ndogo mulika mwizi. Mwizi alikuwa anamulikwa, siku hizi anamulikiwa. Na ule usiku wa Agosti 2023 nchi nzima ilipozima, mpaka JKIA ikawa giza, simu yangu ilikuwa na asilimia 9. Kifaa cha dharura hakifai kuwa kilekile unachotazamia mpira.

Basi nikanunua nyingine, kwa pesa yangu, na hakuna mtu amenilipa kuitaja. Wurkkos FC11. Wanasema lumeni 1,300, betri moja ya 18650, unachaji kwa USB-C ileile ya simu. Ikiwa na yote mpaka kunifikia ilipita 4,000. Angalia hizo namba tena: boksi la uongo linadai mara sabini na zaidi, na usiku ukiziwasha zote mbili kando kwa kando, hii ya 1,300 inaifunika ile kabisa. Lakini mkali wake simsifii mtu. Ukiiacha juu kabisa inapata joto, na baada ya dakika chache inajipunguza yenyewe isichomeke. Kinachonifurahisha ni ile chini. Naiwasha mwanga mdogo tu wa kuona ngazi, mwingine wa wastani wa njiani, na nikizima nikiwasha inarudi palepale nilipoiacha. Kwa mwanga wa wastani nimetembea nayo jioni za wiki nzima bila kuchaji. Ina makosa yake. Swichi iko ubavuni, na mara mbili imejiwasha mfukoni nikasikia paja linapata moto, sasa nalegeza kifuniko cha nyuma kidogo nikiwa siitumii. Kile kifuniko cha mpira cha shimo la chaji pia sikiamini, kitang'oka siku moja.

Sisemi kila mtu awe na 4,000. Mathe hangetoa 4,000 kwa tochi hata ungemfunga. Ninachosema ni kwamba hata ile ya 1,499 ingekuwa tochi sawa kama wangeandika ukweli: lumeni kama mia tatu, robo saa kwa mkali, beba betri ya pili. Mtu angeamua. Ndiyo maana uongo wa boksi si mzaha wa kibiashara kama wenzangu wanavyoniambia huko kwa jumbe za kando. Katiba yetu, Kifungu cha 46, inampa mnunuzi haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa na haki ya kupewa habari za kumwezesha kuzitumia, na inasema lazima kuwe na sheria ya matangazo ya haki, ya kweli na ya heshima. Matangazo ni nani siku hizi? Ni sisi. Si bango la Thika Road. Ni mimi na kamera ya simu juu ya paa. Wewe mwenzangu unayesoma hii na una tochi mezani ya kusifu wiki hii, mizani ya dukani ni bure, na fundi hachaji kupima. Ukikataa kupima, angalau usiseme "nimeitumia mwenyewe" na uliichomoa kwa plastiki dakika tano kabla.

Kuhusu zile 8,100. Sehemu ilienda kwa plasta na dawa, sitadanganya. Lakini kama ulinunua kwa namba yangu, niandikie na ile meseji ya malipo, soo yako nakurudishia. Najua soo haifuti 1,499. Ukiwa karibu na Pipeline leta na betri tuipime pamoja, nitaandika hapa kila moja ilisoma ngapi na ina gramu ngapi, bila kuweka majina.

Mathe nimempa ile FC11. Aliiangalia, akaigeuza, akaniuliza nani amenilipa. Nikamwambia hakuna. Ameiweka kwa kabati. Asubuhi ya leo ametoka na dadangu wa kumkatia mboga, na mkono ule mzima ulikuwa umeshika mulika mwizi yake ya zamani.