Kampuni ya seva haihitaji kubaki na picha ya kitambulisho chako

Anayenunua nafasi ya tovuti siku hizi anaweza kulipa, akapata risiti, halafu akaambiwa akaunti haifunguliwi mpaka apige selfi ameshika kitambulisho kando ya shavu. Kampuni inajikinga na matapeli, na si hofu ya bure: tovuti bandia za benki na kadi za wizi huitia hasara. Haki ya kumtambua mteja inayo. Isichokuwa na haki nacho ni kuiweka picha hiyo miaka na miaka, ilhali kazi yake ilikwisha siku ilipokaguliwa.

Septemba 2021 wadukuzi walimwaga hadharani data za Epik, kampuni ya Marekani ya kusajili vikoa na kuhifadhi tovuti. Wateja walikuwa wameilipa iwafichie majina. Majina yakatoka, pamoja na anwani za baruapepe takriban milioni 15, zikiwamo za watu wasiowahi kununua chochote kwake. Oktoba 2025 mtandao wa gumzo wa Discord ukatangaza kwamba picha za vitambulisho vya watumiaji wapatao 70,000 huenda zilichukuliwa kupitia mtoa huduma wake. Nywila ikivuja utaibadilisha jioni hiyohiyo. Uso na namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA) utabaki navyo. Tena picha zilizoibwa ndizo tapeli mwingine atakazopitishia ukaguzi uleule.

Wapo watakaouliza polisi wakija kampuni iwaonyeshe nini. Iwaonyeshe kumbukumbu ya malipo. Nchini Tanzania laini za simu husajiliwa kwa alama za vidole, hivyo anayelipa kwa M-Pesa kwa laini yake ameshatambuliwa, na amri ya mahakama itamfikia kupitia mtandao wa simu. Wengine hutaja sheria ya Ulaya ya usalama wa mtandao, NIS2, lakini kifungu chake cha 28 kinataka jina, baruapepe na simu ya mwenye kikoa vihakikiwe. Hakidai nakala ya pasipoti ilimbikizwe. Sheria yetu ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, inayotumika tangu 1 Mei 2023, nayo inataka zikusanywe zile tu zinazohitajika. Basi kampuni ikague, iandike kwamba imekagua, ifute. Nawe mteja, kabla ya kupakia picha, uliza itafutwa lini na nani ataiona. Usipojibiwa, peleka pesa zako kwingine.