Ndege ya kesho ipo? Barua ya wazi kwa Waziri wa Uchukuzi

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Uchukuzi,
Mji wa Serikali, Mtumba,
Dodoma.

Mheshimiwa Waziri,

Mimi nakatisha tiketi hapa Songea. Nina meza moja, simu mbili na kikokotoo, na kwenye meza hiyohiyo nauza safari za basi na safari za ndege. Mtu wa basi akija huanza na bei. Mtu wa ndege huanza kwingine: "Ndege ya kesho ipo?" Tiketi anaweza kuwa nayo mkononi, imelipiwa, ina jina lake, na bado atauliza. Jioni atapiga simu aulize tena. Nimewahi kupanda bajaji na mmoja wao kuelekea uwanja wa ndege wa Ruhuwiko, akamwomba dereva azime injini kidogo tusikilize kama kuna mlio angani.

Barua hii ni juu ya swali hilo. Sikuandikii kuomba uwanja. Uwanja tunao, umekarabatiwa, njia ya kurukia imerefushwa na lami yake ni nzuri kuliko ya mitaa yetu mingi. Kwa hilo tunashukuru, na naona tumeshukuru vya kutosha kwenye mikutano.

Watu hawaulizi kwa ushamba. Wanauliza kwa kumbukumbu. Shirika la Ndege la Afrika Mashariki lilivunjika mwaka 1977, tukaanzisha letu mwaka huohuo. Mwaka 2002 letu likaingizwa ubia na Shirika la Ndege la Afrika Kusini, ubia ukafa mwaka 2006, na ilipofika 2016 kampuni ya taifa ilikuwa imebakiwa na ndege moja, Dash 8-300. Septemba mwaka ule zikaja Dash 8 Q400 mbili, za viti 76 kila moja, na mikoa kama wetu ikaanza kutazama juu tena. Kisha uwanja ukaingia kwenye matengenezo. Kisha, mwishoni mwa 2022, Airbus A220 zikaanza kukaa chini kwa matatizo ya injini za Pratt & Whitney, matatizo yaliyozikumba kampuni nyingi duniani, na ratiba za nchi nzima zikabidi zipanguliwe. Kila sababu, ukiichukua peke yake, ina maelezo yanayoeleweka. Ila abiria hatunzi maelezo. Anachotunza ni ile siku aliyorudi nyumbani na begi lake.

Mwaka juzi mama yangu alipewa rufaa kwenda Taasisi ya Saratani Ocean Road. Miadi ilikuwa Jumatatu saa mbili asubuhi. Mimi, muuza tiketi za ndege, nilimpandisha basi. Hesabu yangu ilikuwa hii: ndege ikiwepo atafika kwa saa moja na nusu hivi, hana vumbi wala uchovu. Ikiahirishwa, hata kwa mawingu tu ambayo hayana wa kulaumiwa, Jumatatu imepotea, na miadi mingine haipatikani kesho yake. Basi huja. Basi likifia Lukumburu, nyuma yake kuna jingine. Kwa hiyo tulimpa mto wa sponji, chupa ya chai ya tangawizi na khanga ya pili ya kujifunika, tukaondoka stendi ya Shule ya Tanga alfajiri.

Kona za Lukumburu alizimaliza kimya. Njombe baridi ikamwingia mabegani. Makambako hakutaka kula. Kushuka Kitonga alishika kiti cha mbele kwa mikono miwili, na kila dereva alipokanyaga breki alifumba macho, maana kidonda cha upasuaji kilikuwa bado kibichi. Tulishuka Stendi ya Magufuli, Mbezi, saa tano usiku, baada ya kilomita kama 950. Aliniambia neno moja tu: "Mwanangu, hii safari ni ugonjwa mwingine."

Unaweza kunijibu kwamba mabasi yameboreka, na tangu mwaka 2023 yameruhusiwa kutembea usiku. Ni kweli, na mimi ndiye ninayeyauza. Lakini basi la usiku halikufupisha barabara hata kwa kilomita moja.

Sasa niseme jambo ambalo watetezi wenzangu wa uwanja huu hawatalipenda. Kila tukikaa kikao, mtu husimama akataja mahindi ya Ruvuma, kahawa ya Mbinga, makaa ya mawe ya Ngaka, korosho za Tunduru na urani ya Mto Mkuju kule Namtumbo, halafu akahitimisha kwamba ndege itakomboa uchumi wa mkoa. Mimi huwa nainama nisionekane nacheka. Mahindi hayapandi ndege. Makaa hayapandi ndege. Ile Boeing 767 ya mizigo iliyowasili Juni 2023, yenye uwezo wa kubeba tani 54, si ya Ruhuwiko na haitakuwa. Hata wanunuzi wa ufuta na korosho, ambao zamani ungesema lazima waje, siku hizi wananunua kwa mnada wa kielektroniki wakiwa wameketi Dar es Salaam na chai yao.

Mzigo unaopanda ndege Songea ni mdogo, na una haraka. Ni sampuli ya kahawa inayotakiwa na mwonjaji kabla bei haijasemwa, wakati magunia yenyewe yanasubiri ghalani. Ni kipimo cha maabara kilichofungwa kwenye boksi la barafu. Ni hati inayohitaji mhuri. Nimeona beringi ya kinu cha kukoboa, imefungwa kwa gazeti na gundi ya karatasi, uzito wake kama mkate, ikishuka mkononi mwa abiria. Mwenye kinu alikuwa amekaa siku nne bila kazi, mahindi ya watu yamerundikwa barazani, kina mama wanakuja na debe na kurudi nalo. Alipoipokea hakusema asante. Alikimbia.

Zaidi ya vyote, kinachopanda ndege ni mtu ambaye siku yake moja ina thamani kwa wengine wengi. Daktari bingwa akija kwa basi anatumia siku mbili barabarani, moja ya kuja na moja ya kurudi, ili afanye kazi siku tatu. Akija kwa ndege yenye siku inayojulikana, zile mbili anawapa wagonjwa wa Songea, Peramiho au Litembo. Hilo halikugunduliwa leo. Mwaka 1957 Michael Wood na madaktari wenzake wawili walipopanga huduma iliyokuja kuitwa Madaktari Warukao, wazo lao lilikuwa hilohilo: tabibu ni mmoja, nchi ni kubwa, basi tumpunguzie tabibu njia.

Usafiri wetu, Mheshimiwa, una historia ya kuwatoa watu. Kizazi cha babu yangu kiliondoka hapa kwa malori ya SILABU, ofisi ya wenye mashamba ya mkonge iliyokuwa ikiandikisha vibarua, kwenda kuwa manamba Tanga na Morogoro. Wengine walirudi na baiskeli na koti, wengine hawakurudi. Barabara ya lami kutoka Makambako ilipotufikia miaka ya 1980 ilitufungulia soko, na papo hapo ikaendelea kuwachukua vijana. Ndege naiona tofauti kidogo. Mhandisi, mhadhiri au mwenye kiwanda kidogo akiwa na hakika kwamba Jumanne anaweza kwenda Dar es Salaam na Alhamisi akarudi, hana sababu ya kuhamia huko. Anabaki, na mshahara wake unabaki Bombambili na Lizaboni. Neno la kushika hapo ni hakika. Bila hakika hiyo atahama tu, hata tukimjengea jengo la abiria la marumaru.

Ndiyo maana nimeamua kukuandikia kuhusu hesabu. Taarifa ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu ilionyesha kampuni yetu ya taifa, ATCL, kupata hasara ya shilingi bilioni 56.64 mwaka 2022/23, na iliyofuata ikaonyesha bilioni 91.8 kwa 2023/24. Kila taarifa kama hiyo ikitoka, redioni na kwenye vijiwe vya kahawa hukosi mtu wa kusema: wafute njia zisizolipa. Nami nikisikia hivyo najua ni sisi tunaotajwa. Songea haiwezi kushindana na Zanzibar wala Mwanza kwa kujaza viti. Ndege nzima ya Q400 ni basi moja na nusu hivi, na hata hilo basi moja na nusu, kuna siku halijai.

Ninachopinga ni kuitumbukiza hasara yote kwenye kapu moja. Hasara inayotokana na injini zilizolala, au na uamuzi mbaya wa biashara, ni jambo la kuwauliza wakurugenzi. Gharama ya kuwafikisha watu zaidi ya 1,800,000 wa mkoa huu, kwa sensa ya 2022, hospitalini na mahakamani na sokoni kwa wakati, hiyo ni huduma ambayo Serikali imeamua kuitoa. Ziandikwe mahali tofauti. Zikichanganywa, mzembe anajificha nyuma ya mgonjwa wa Songea, na mgonjwa wa Songea anafukuzwa pamoja na mzembe.

Nchi nyingine zimezitenganisha. Norway, kwa vijiji vyake vya kaskazini vilivyobanwa na milima na bahari, serikali huandika mkataba: safari kadhaa kwa wiki, viti kadhaa, nauli isizidi kiasi fulani. Kisha huitisha zabuni na kumlipa mshindi ile tofauti. Njia nyingi kati ya hizo huendeshwa na Widerøe kwa ndege za Dash 8, ukoo uleule wa hizi zinazotua kwetu. Utasema Norway ina mafuta. Basi tutazame India, ambayo mwaka 2016 ilianzisha mpango wa UDAN: nauli ya baadhi ya viti ikawekewa kikomo, na pengo likajazwa na serikali. Huko kuna onyo pia. Mwaka 2023 mkaguzi wao mkuu alikuta kwamba kati ya njia 774 zilizogawiwa, zilizowahi kuanza kuruka ni 371, na nyingi ya hizo zilikatika kabla ya miaka mitatu. Ruzuku waliitoa, lakini hawakumbana mpokeaji.

Sisi tayari tunatoa ruzuku, Mheshimiwa. Serikali ndiyo iliyonunua ndege na kuikodishia ATCL, na ndiyo iliyojenga viwanja. Tunatoa bila kuandikiana. Ombi langu ni muandikiane. Wizara yako na kampuni itakayoruka, iwe ya umma au ya mtu binafsi, mtie saini mkataba wa njia ya Songea unaotaja siku za ndege na saa zake, nauli ya juu kabisa, na nini kinampata abiria ndege isipokuja. Mkataba huo utangazwe. Safari mbili kwa wiki zisizobadilika zinanitosha kuliko nne za kubahatisha. Mkataba pia utenge viti viwili kila safari kwa wagonjwa wenye barua ya rufaa, vishikiliwe hadi saa 24 kabla ya kuruka, kwa nauli inayokaribiana na ya basi la daraja la juu. Viti viwili kati ya 76. Gharama yake iandikwe kwa kalamu nyekundu, kwenye mstari wake wenyewe, Bunge liione.

Siombi rubani alazimishwe kutua penye wingu. Novemba 2022 watu 19 walikufa katika Ziwa Victoria, ndege ya Precision Air ikijaribu kutua Bukoba katika hali mbaya ya hewa, na hakuna miadi ya kliniki yenye thamani hiyo. Ndege ikizuiwa na mawingu, nitamweleza mteja wangu na ataelewa, mradi awe anajua ijayo ni lini na kiti chake kipo.

Mama amemaliza mionzi. Anatakiwa kurudi Ocean Road kuangaliwa kila baada ya miezi mitatu, na zamu inayofuata ni mwezi ujao. Jana jioni alikuja akaketi mbele ya meza yangu kama mteja mwingine yeyote, akaweka kadi ya kliniki juu ya daftari la tiketi, akaniuliza swali lile lile. Nilimwambia ngoja kwanza niandike barua.

Wako mtiifu,

Mkatisha tiketi,
Songea, Ruvuma.