Asilimia 95 ya Nini?

Mtu akikuambia amefundisha kompyuta kutabiri usugu wa bakteria kwa usahihi wa asilimia 95, usimpigie makofi bado. Muulize kwanza: bakteria wa kwenye mtihani walikuwa na undugu gani na bakteria wa kwenye mafunzo?

Nauliza kwa sababu hiyo ndiyo kazi yangu. Napokea jenomu za E. coli, kila moja ina herufi kama milioni 5, nailisha modeli, nayo inasema huyu atauawa na seftriaksoni, yule hatauawa. Sasa, bakteria huzaliana kwa kujigawa. Sampuli mia moja kutoka hospitali moja zinaweza kuwa za ukoo mmoja. Ukizichanganya kama karata na kuzigawa mafungu mawili, umeweka mapacha pande zote mbili. Modeli haina haja ya kujua chochote kuhusu dawa. Inatambua sura ya ukoo, inakumbuka kuwa ukoo ule ni sugu, inapata alama. Ni mwanafunzi aliyeuziwa pepa usiku wa kuamkia mtihani.

Kutenga koo nzima nzima kabla ya kupima si jambo gumu. Wengi wetu tunalijua. Hatulifanyi kwa kuwa namba hushuka, na namba iliyoshuka haina mfadhili.

Utasema: jibu likiwa sahihi, njia ina shida gani? Shida ni plasmidi. Jeni za CTX-M, zinazowapa bakteria kinga dhidi ya seftriaksoni, mara nyingi husafiri ndani ya plasmidi, kipande cha DNA ambacho bakteria mmoja humpa mwenzake, hata wa spishi nyingine. Plasmidi ikihamia ukoo uliokuwa mpole, modeli iliyokariri koo itasema dawa itafanya kazi. Ni siku hiyohiyo ndiyo tuliyokuwa tunaihitaji. Mtoto mwenye bakteria kwenye damu hana siku tatu za kusubiri tujirekebishe.

Halafu modeli hizo zinaletwa kwetu zikiwa zimefungwa vizuri. Jenomu nyingi zilizo wazi zimetoka Ulaya na Marekani Kaskazini. Salmonella wa ukoo wa ST313, wanaoingia kwenye damu za watoto wa Malawi na Kenya, kule ni wachache mno. Modeli itawasoma kwa kubahatisha, na kubahatisha huko kutaandikwa kwa desimali mbili.

Mimi mwenyewe niliwahi kuichanganya karata. Nilipewa pongezi, chati ikawekwa kwenye ripoti. Baadaye nikarudia, nikatenga koo, usahihi ukaporomoka karibu na kurusha shilingi. Nilipowasilisha, ukumbi ulinyamaza. Kisha mkubwa mmoja akaniuliza, kwa upole kabisa, kama ile chati ya kwanza bado ninayo.