Dawa ya "kuzima jeni" za saratani: imefika wapi?

Mama mmoja anayetibiwa saratani ya matiti aliniuliza kama anaweza kuacha dripu za kemo na kusubiri "dawa ya kuzima jeni". Alikuwa ametumiwa video kwenye WhatsApp. Huenda na wewe umetumiwa.

Video hizo si uongo mtupu. Jeni ni maelekezo ya kutengeneza protini. Seli ikihitaji protini, hunakili maelekezo hayo kwenye ujumbe uitwao mRNA. Watafiti hutengeneza kipande kifupi cha RNA, chenye herufi kama 21, kinachooana na ujumbe huo. Kipande hicho ndicho siRNA. Kikiingia ndani ya seli, seli yenyewe hukitumia kuutafuta ujumbe na kuukata. Jeni inabaki palepale, ila protini yake hupungua. Andrew Fire na Craig Mello, waliogundua njia hii kwa kuchunguza minyoo mwaka 1998, walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2006.

Katika utafiti wa saratani, siRNA hutumika zaidi kuuliza maswali. Ukizima jeni ya KRAS kwenye seli za saratani ya kongosho, je, zinaacha kuongezeka? Zikiacha, umejua dawa ielekezwe wapi. Lakini hizo ni seli za kwenye kisahani cha maabara. Mwilini, RNA isiyokingwa huvunjwa haraka kwenye damu na kuchujwa na figo, na hata ikikingwa, sehemu kubwa huishia kwenye ini. Ndiyo maana patisiran, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2018 kwa ugonjwa wa kurithi unaoharibu neva, na inclisiran ya kushusha kolesteroli, zote hufanya kazi kwenye ini. Uvimbe wa titi ni mgumu zaidi kuufikia.

Majaribio yapo. Mwaka 2010 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba siRNA iliyofungwa ndani ya chembe ndogo mno ilifika kwenye uvimbe wa wagonjwa wa melanoma na kukata ujumbe uliokusudiwa. Kufika huko si kuponya. Hadi ninapoandika, hakuna siRNA iliyoidhinishwa kutibu saratani.

Kwa hiyo ukiletewa habari kama hiyo, uliza kwanza: imejaribiwa kwa watu, au kwa seli za maabara? Njoo nayo kliniki tuisome pamoja, lakini usikatishe dozi.

Yule mama, kumbe, alichokuwa anakikimbia ni kichefuchefu. Kwa hilo dawa ipo, na hupewa kabla ya dripu.