Ushindi mmoja, sare nne: hesabu ya Leopards inayogawanya Cimpunda

Mpaka nusu-fainali ya mwaka 2024, Leopards walikuwa wamekwisha cheza mechi sita kunako Kombe la Afrika huko Côte d'Ivoire. Walikuwa wameshinda moja, wametoka sare nne, wamepoteza moja. Walikuwa wamefunga mabao sita, wamefungwa matano. Tangu siku ya tatu usiku, Sébastien Haller alipotia ule mpira wavuni dakika ya 65 na kuwafungia Wakongomani mlango wa fainali, hesabu hiyo ilirudiliwa kila pahali mtaani Cimpunda, komine ya Kadutu: kwenye ligablo, kwenye foleni ya maji, mbele ya vinyozi, na ndani ya nganda ambazo bado zilikuwa na deni la mafuta ya jenereta ya usiku ule.

Mabishano yenyewe yalianza mapema, tarehe 24 januari, baada ya sare ya bila bao na Tanzania. Siku hiyo Leopards walimaliza mechi za makundi na pointi tatu juu ya tisa: 1-1 na Zambia, 1-1 na Moroko, 0-0 na Tanzania. Upande mmoja wakasimama wale wanaoshika simu mkononi na kusoma takwimu. Kwao timu isiyoshinda hata mechi moja kundini haina haki ya kuitwa kubwa. Upande wa pili wakasimama wale wanaosoma hesabu ile ile kwa kuigeuza: ni nani aliyewapiga Leopards? Hakuna. Moroko iliyofika nusu-fainali ya Kombe la Dunia 2022 haikuweza. Misri yenye makombe saba ya Afrika haikuweza, mpaka ikatolewa kwa penalti 8-7, mlinda lango Lionel Mpasi akipiga yeye mwenyewe ile ya mwisho. Bukavu ilikuwa imekwisha pita saa sita za usiku, na watu walishuka na kupanda vile vijia vya Cimpunda wakiimba, katika masaa ambayo kwa kawaida kila mtu anafunga mlango wake.

Hata hiyo mechi ya Misri ilibishaniwa. Kitabuni inaandikwa sare, 1-1, kwa sababu penalti hazihesabiwi kuwa ushindi wa mechi. Mwenye kuiandika ushindi anapata hesabu ingine kabisa: mbili, tatu, moja. Ndiyo maana watu wawili wanaweza kugombana nusu saa juu ya takwimu na wote wawili wakawa wanasema ukweli.

Wazee wana hesabu yao. Mwaka 1974 kule Misri, Ndaye Mulamba peke yake alifunga mabao tisa, matatu zaidi ya timu nzima ya mwaka 2024. Wakilitaja hilo, vijana wananyamaza kidogo. Lakini kuna jibu, na linafaa kusemwa: timu ile ya 1974 ilipigwa na Congo-Brazzaville kundini, na fainali yake na Zambia ilibidi ichezwe mara mbili, 2-2 kisha 2-0, ndipo kombe likapatikana. Mabingwa nao walipita kwenye tope.

Na kama mtu anapenda kweli hesabu, aangalie mwaka 2015. Leopards wa Florent Ibenge walitoka sare mechi zote tatu za kundi, na Zambia, Cap-Vert na Tunisia. Wakashinda robo-fainali, 4-2 juu ya Congo-Brazzaville baada ya kufungwa mawili ya kwanza. Wakatolewa nusu-fainali na Côte d'Ivoire. Wakachukua nafasi ya tatu kwa penalti. Miaka tisa baadaye njia ilikuwa ile ile, mpaka na jina la aliyewatoa. Hiyo si uchawi. Ni namna ya kucheza ambayo nchi hii inaifahamu kuliko inavyokubali.

Hapo ndipo mabishano yanapokuwa na maana: namna ya kucheza. Mkufunzi Sébastien Desabre alipofika mwaka 2022 alikuta timu imepoteza mechi mbili za kwanza za kutafuta tiketi ya kombe hili, mbele ya Gabon na mbele ya Sudan. Aliijenga kuanzia nyuma. Chancel Mbemba na Henock Inonga walikaa karibu karibu, viungo walirudi kuwafunika, na mpira ukipatikana ulitumwa haraka kwa Yoane Wissa au Meschack Elia. Wapenzi wa mpira wa maonyesho wanakereka nayo. Wanataka pasi nyingi, wanataka chenga, wanataka timu inayoshika mpira. Mtoto aliyejifunza mpira Cimpunda, kwenye kiwanja chenye mteremko ambapo mpira ukikupita unaufuata mpaka bondeni, angepaswa kumwelewa Desabre upesi kuliko wengine. Lakini ni huku huku ndiko anakosolewa zaidi.

Wakosoaji hawakosei kwa kila kitu. Leopards walipotanguliwa na Guinea kwenye robo-fainali, walitoka nyuma, wakafunga matatu, Mbemba, Wissa na Arthur Masuaku, na watu wakaona kwamba timu hii inaweza kushambulia ikilazimishwa. Siku ya tatu walitanguliwa tena, wakabakia na dakika 25, na hawakupata njia. Timu inayongojea adui akosee inapata taabu siku adui hakosei. Hilo ni kosa la kweli la mkufunzi, na kulisema si kukosa uzalendo.

Lakini wanaosema kwamba takwimu zinaonyesha nani alistahili fainali, waangalie waliokwenda. Côte d'Ivoire walipoteza mechi mbili kundini, moja yake 4-0 mbele ya Guinée équatoriale, nyumbani kwao. Mkufunzi wao Jean-Louis Gasset akaondoka katikati ya mashindano. Walipita kwa kuwa kati ya wa tatu bora, kwa kusaidiwa na matokeo ya wengine. Siku ya Mungu iliyofuata walicheza fainali na Nigeria. Kama kombe lingetolewa kwa kuhesabu pointi za makundi, wangekuwa wanaliangalia kwenye televisheni.

Kuna wanaosoma takwimu kwa ajili ya dau, na hao wako wengi. Kijana anaweza kukueleza mechi tano za mwisho za timu zote mbili, anaweka franga za chakula juu ya sare, na Haller anafunga. Wenye nyumba za dau wana takwimu nyingi kumpita, na wanalipwa kwa kazi hiyo.

Hesabu moja lakini imeingia katika mabishano haya na inapaswa kujibiwa wazi wazi. Tangu siku ya tatu kuna wanaohesabu wachezaji waliozaliwa Ulaya, na wanasema wale hawakutoa jasho kwa sababu nchi si yao. Kama wangechezeshwa watoto wa nyumbani tu, Côte d'Ivoire ingelia. Haya, tuhesabu basi. Mabao sita. Wissa ana mawili, Masuaku moja: hayo ni matatu, ya watu waliozaliwa Ufaransa. Silas Katompa, Elia na Mbemba wana moja moja: matatu, ya watu waliozaliwa Kinshasa. Nusu kwa nusu. Na Mpasi aliyewatoa Wamisri alizaliwa Meaux, Ufaransa, wakati Inonga aliyesimama mbele yake ni mtoto wa Kinshasa aliyekuwa anachezea Simba ya Dar es Salaam wakati ule. Hakuna pahali pa kupitisha kisu katikati ya timu hii.

Ingekuwa Lubumbashi au Matadi, pengine maneno hayo yangepita kama hasira ya kufungwa. Huku Kivu hayapiti hivyo. Swali la nani ni Mkongomani wa kweli na nani si wa kweli limekwisha kuua watu wengi mno katika majimbo haya mawili, na lilianza kila mara na mtu anayehesabu: jina, uso, pahali pa kuzaliwa. Kulitia ndani ya mpira ni kulipa watoto walicheze. Mwenye nganda anayesikia maneno hayo na kunyamaza kwa kuogopa kupoteza mteja, anajua anachokifanya.

Tena hao hao wanaoitwa wageni, siku ya tatu wakati wimbo wa taifa ulipopigwa, walisimama na wenzao, mkono mmoja umefunika mdomo, wa pili umeshika vidole viwili kwenye kichwa kama bunduki. Wakati ule vita ilikuwa imefika karibu na Sake, kilometa karibu 25 toka Goma, na watu walikuwa wanakimbia na magodoro kichwani. Ishara ile ilionekana dunia nzima kwa sekunde chache. Cimpunda kulikuwa na nyumba zilizolaza jamaa waliotoka kaskazini. Humo, wanaeleza majirani, watu walilia kabla mpira haujapigwa, na bao la Haller halikuwaliza tena. Wako waliosema wachezaji wangeacha siasa na kutafuta bao. Lakini hawakucheza na mikono mdomoni. Walicheza dakika 90 kama wengine, na walipoteza kwa bao moja.

Ilibaki mechi moja. Siku ya posho saa nne za usiku, saa za Bukavu, Leopards walicheza na Afrika ya Kusini huko Abidjan kutafuta nafasi ya tatu, ile waliyoipata mwaka 1998 na 2015, mara zote mbili kwa penalti. Safari hiyo wasomaji wa takwimu waliomba isifike huko, na kwa mara ya kwanza tangu tarehe 24 januari upande wa pili ulikubaliana nao: Ronwen Williams, mlinda lango wa Afrika ya Kusini, alizuia penalti nne za Cap-Vert kwenye robo-fainali. Desabre alipaswa kutafuta bao mapema, na timu yake haikuwa imezoea kulitafuta. Wenye jenereta nao walianza kuchangisha mafuta, maana SNEL haikuwa imeahidi mtu kitu.