Kununua Pamoja Ili Kulindana



Parokia tatu zinapotaka kukodi lori moja la kuwapeleka vijana wao kwenye hija, ugumu hauanzi barabarani. Unaanza mezani: nani atakusanya fedha, nani atapatana na mwenye lori, na mvua ikinyesha nani atakaa chini ya turubai. Aliyewahi kuketi katika mkutano wa namna hiyo ataelewa upesi jambo kubwa ninalotaka tulitafakari leo, yaani mataifa kadhaa kununua kwa pamoja vifaa vya kulinda usalama wa watu wao.

Tutazame Ulaya ya kusini. Mwaka 2017 moto wa misitu uliua watu zaidi ya 100 nchini Ureno. Mwaka uliofuata, mwezi wa Julai, moto mwingine uliua watu zaidi ya 100 huko Mati, karibu na Athens, nchini Ugiriki. Ziko ndege zinazofaa sana kwa msiba huo: huteleza juu ya bahari au ziwa, huchota zaidi ya lita 6,000 za maji kwa sekunde chache, kisha hurudi kuyamwaga juu ya moto. Lakini uundaji wake nchini Canada ulikuwa umekoma mwaka 2015, na hakuna mfanyabiashara ambaye angefungua tena kiwanda kwa ajili ya ndege mbili tatu za nchi moja.

Mwaka 2019 Umoja wa Ulaya uliunda akiba ya pamoja ya uokoaji iitwayo rescEU. Mwaka 2022, baada ya wateja wa Ulaya kuonyesha kwa maandishi nia ya kununua ndege 22 za kwanza, kampuni ya De Havilland Canada ilitangaza kuanza tena kuziunda. Umoja wa Ulaya unagharamia ndege 12, zitakazotunzwa katika nchi sita: Kroatia, Ufaransa, Ugiriki, Italia, Ureno na Uhispania. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Kanuni iliyo nyuma ya jambo hili tunaijua. Papa Pius XI aliieleza katika waraka wa Quadragesimo Anno wa mwaka 1931, nasi twaiita kanuni ya auni: linalowezwa na wadogo wasinyang'anywe na wakubwa, na linalowashinda wadogo wasaidiwe. Mkataba wa Maastricht wa mwaka 1992 uliiingiza katika sheria za Umoja wa Ulaya. Kijiji hakihitaji Brussels ili kinunue ndoo. Lakini hakiwezi kununua ndege peke yake.

Hata hivyo nia njema haitoshi. Mataifa yanaponunua pamoja, sheria ya nani itafuatwa? Agizo la Ulaya la mwaka 2014 kuhusu manunuzi ya umma, katika kifungu cha 39, linaruhusu taasisi za nchi mbalimbali kununua pamoja, zikipatana wazi juu ya wajibu wa kila mmoja na sheria itakayotumika. Tena linakataza kuutumia ushirikiano huo kama mlango wa kukwepea sheria za nyumbani. Hekima hiyo ni kubwa, kwa maana neno «usalama» hupenda giza. Penye siri nyingi, bei hupanda bila swali, na jamaa wa mkubwa hupata zabuni.

Liko na shaka la pili. Njia iliyonunua ndege za kuzima moto hununua silaha pia. Mwaka 2023 Umoja wa Ulaya ulitenga euro milioni 300 kuzisaidia nchi zisizopungua tatu zinazoungana kununua zana za ulinzi. Sisemi kwamba nchi haina haki ya kujilinda. Nasema tuulize: je, ununuzi huu unawafanya majirani washindwe kudhuriana, au unapunguza tu gharama ya kudhuru? Robert Schuman, tarehe 9 Mei 1950, alipendekeza makaa ya mawe na chuma vya Ufaransa na Ujerumani viwekwe chini ya mamlaka moja, ili vita kati yao visiwezekane. Kipimo hicho hakijazeeka.

Nasi je? Ziwa Tanganyika ni la nchi nne: Kongo, Burundi, Tanzania na Zambia. Tangu mwaka 2003 zina mkataba wa kulitunza pamoja. Mtumbwi unapopinduka usiku, mawimbi hayaulizi uraia wa anayezama. Boti za uokoaji na redio za onyo zilizonunuliwa kwa mfuko mmoja, zikikaguliwa na wote, zingeokoa wana wa kila pwani. Najua kwamba imani kati ya majirani katika eneo letu imejeruhiwa vibaya, na imani hainunuliwi kwa zabuni. Lakini hujengwa kwa mambo madogo yanayohesabika: ahadi iliyoandikwa, risiti iliyoonyeshwa, zamu iliyoheshimiwa.

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Basi siku parokia zetu zitakapokodi lori, tuliandike daftari, tulisome mbele ya wote, na wa mbali wapewe nafasi sawa na wa karibu. Asiyeweza kugawana turubai na jirani hataweza kesho kugawana naye boti ya uokoaji.